Kachero fisi wa kwenye daftari langu alivyomponza Mama Bwire

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo.

Hili sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Siongezi chumvi.

Miaka ile madukani hakuna kitu, nilikuwa form two, naishi kwa bibi, kijijini Murangi. Nilikuwaga na aibu mno, mtu akinisalimia naangalia chini. Maneno yangu yote yalikuwa kwenye daftari. Mbele diary, nyuma hadithi.

Hero wangu alikuwa kachero wa idara ya siri. Mchana karani mpole, mwezi ukiwa mpevu anageuka fisi. Mission yake ni kunusa walanguzi wanaoficha bidhaa za magendo.

(Msinicheke, kwetu mtu anayegeuka fisi anaogopwaga kweli.)

Shida sikujua kubuni maficho, nikaandika niliyoyaona. Mjane mwenye mlango wa bluu, anaficha sabuni za Kenya shimoni, juu kaanika dagaa. Harufu ya dagaa inawapoteza askari wote ila fisi.

Huyo ni Mama Bwire, jirani yetu. Alikuwa anamkatiaga bibi kipande bure. Sare yangu ya shule ilifuliwa kwa sabuni hiyo hiyo.

Deskmate wangu Nyamisi akasoma, akanisifia. Hakuna aliyewahi kunisifia. Nikamwazima daftari aende nalo kwao.

Baba yake alikuwa kamanda wa mgambo.

Kesho yake Nyamisi anacheka: "Baba kaipenda we! Pale pa dagaa kanirudisha nisome mara mbili. Daftari bado analo."

Natoka shule nakuta dagaa zimemwagwa, shimo liko wazi, Mama Bwire kapelekwa polisi Musoma.

Bibi analia: "Aliyemchoma huyu mama, Mungu anamwona."

Nikaitikia: "Kweli, bibi."

Alirudi baada ya miezi kadhaa, kakonda. Bibi akanituma nimpelekee uji. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Walinisomea hadithi yako kule. Huyo fisi wako, mwishowe alikamatwa?"

Nikaangalia chini. Uji nikauacha mlangoni.

Baadaye biashara ikawa ruksa. Mama Bwire akapanga sabuni mezani, kweupe, barabarani. Mimi nikawa napitia njia ya nyuma.

Nilichojifunza: mtu akikuamini mpaka ukaona anapoficha riziki yake, hiyo siyo stori yako.

Bado yupo hai, mzee sana. Lile swali sijalijibu mpaka leo.

Wakuu, mngekuwa nyie mngeenda? Mnitukane tu, ila mniambie naanzaje.