Bendi Yetu na Wapinzani Wenye Majembe

Watu wengi wakisikia kwamba nina bendi ya roki Shinyanga, huuliza kwanza kama ni kwaya. Nikisema hapana, huuliza kama tunapiga singeli. Nikikataa tena hunitazama kwa huruma, kama mtu aliyepeleka sokoni mzigo usio na mnunuzi. Mimi nauza mitumba, mzigo usio na mnunuzi naujua. Wetu haukuwa huo. Tulikuwa tu hatujafika kwenye soko lake, na ukaidi wangu wa kusema hivyo kila wiki kwa miaka mitatu ndio ulioifanya bendi isife. Nalisema hili wazi kwa sababu unyenyekevu wa uongo siupendi.

Tulikuwa wanne. Mimi niliimba na kupiga gitaa. Mpiga solo alikuwa ametoka kwenye kwaya ya kanisa lao Ibadakuli, baada ya kuambiwa kwamba gitaa lake linanguruma mno mbele za Bwana. Wa besi alikuwa mwalimu wa hisabati, mtu wa kuhesabu hata kimya kilichopo kati ya noti mbili. Mpiga drams alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mwenye mikono mizito na subira fupi. Nyimbo zote tulitunga wenyewe, kwa Kiswahili, na hatukuwahi kupiga wimbo wa mtu mwingine hata siku moja. Hiyo ndiyo sheria pekee tuliyokuwa nayo, na tuliionea fahari kuliko vyombo vyenyewe, ambavyo nusu vilikuwa vya kuazima.

Sasa sheria hiyo ilikuwa inaponyoka. Mwenye ukumbi mmoja wa harusi pale mjini alitutaka kila Jumamosi, tupige nyimbo zinazovuma, tumevaa mashati ya kitenge ya sare. Fundi cherehani alikuwa tayari, bado kutupima tu. Na sisi, tuliokuwa katikati ya ziara ya mikoani, tulikuwa na nini cha kujibu? Kahama tulipiga mbele ya mlinzi na mbwa wake. Katoro watu walijaa, kumbe walikuwa wanasubiri mpira kwenye televisheni iliyokuwa nyuma yetu.

"Dada," mpiga drams aliniambia tulipokuwa tunapakia vyombo, "mimi nina watoto wawili. Rwamgasa, kule machimboni, ndiyo safari ya mwisho. Uwanja ukisimama, niko na wewe mpaka tuzeeke. Usiposimama, Jumatatu nakwenda kupimwa shati."

Uwanja kusimama maana yake ni watu kuja na kubaki. Wale wengine wawili waliendelea kupakia bila kunitazama, nikajua wako upande wake.

Aliyetuita Rwamgasa ni mama mmoja mwenye mgahawa wa mabati karibu na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Alikuwa ametusikia Geita mjini siku aliyokwenda kununua mchele. Wachimbaji wa kule wanamsikiliza kuliko mwenyekiti wao. Akikusifu yeye, unaitwa kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yote ya jirani. Akinyamaza, basi tena, umekwisha.

Tulifika Jumamosi alasiri na kirikuu chetu, kigari kidogo cha mizigo, vyombo na watu tukiwa wa rangi moja kwa vumbi. Nikamwamkia yule mama.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni sana. Wenzenu wameshafika."

"Wenzetu gani, mama?"

Akanyoosha mwiko kuelekea ng'ambo ya uwanja. Kule walisimama wanaume na wanawake zaidi ya ishirini, njuga miguuni, majembe mabegani. Kundi la bugobogobo, ngoma ya majembe.

"Wapinzani wenu," alisema. "Nimewatafutia wakubwa. Sikutaka kuwavunjia heshima."

Usukumani ngoma ya mashindano huchezwa hivi: makundi mawili, uwanja mmoja, wakati mmoja, kila upande unapiga bila kumngoja mwenzake. Hakuna jaji. Watu huamua kwa miguu yao, huenda panapowavuta, na mwishoni mwenye watu wengi ndiye mshindi. Yule mama hakutuambia kwa sababu haikumjia kabisa kwamba mwanamuziki anaweza kuitwa bila mpinzani. Kwake ingekuwa kama kualika timu ya mpira ije icheze peke yake.

"Ninyi si watoto wa Shinyanga?" aliuliza alipoona nyuso zetu. "Hili nalo la kufundishwa?"

Aibu ilinishika, maana mimi hasa nilipaswa kulijua. Baba yangu alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, katika vijiji vya upande wa Kolandoto. Utotoni mwangu, kila baada ya mavuno nilimwona akiondoka na kundi lake kwenda kushindana. Lakini bendi yangu hakuwahi kuja kuisikiliza. Hakuikataza pia. Tukikutana aliniuliza habari za mitumba, na mimi nilijiambia kwamba hilo haliniumi. Liliniuma.

Nikaenda nyuma ya mgahawa nikampigia simu. Sikuwahi kumwomba baba ushauri wa muziki tangu nishike gitaa. Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Ng'wanawane, mwanangu, jua liko wapi?"

"Liko nyuma yetu, baba. Linashuka."

"Kwa hiyo anayewatazama ninyi linampiga machoni."

"Ndiyo."

"Wamewawahi upande mzuri. Manju wao ni mjanja." Nilisikia kabisa kwamba amefurahi. "Huko nyuma yenu kuna nini cha kulikinga?"

Nikageuka. Kulikuwa na lundo la marudio, ule mchanga ambao umeshasagwa na kuoshwa dhahabu yake, na lilikuwa refu kuliko nyumba yoyote ya pale. Nikakadiria kwamba jua lingejificha nyuma yake baada ya saa moja.

"Basi kwa saa hiyo moja ninyi ni maskini," baba alisema. "Pigeni vibao vile vidogo vidogo. Vizuri fungia ndani. Ukivitoa sasa vitapotea bure."

Sisi desturi yetu ilikuwa kuanza na wimbo mkali kuliko zote. Nilipowaeleza wenzangu, mpiga drams aliweka vijiti chini.

"Yaani tuaibike kwa makusudi?"

"Kwa saa moja tu."

"Baba yako amewahi kupiga roki?"

"Hajawahi. Lakini uwanja anaujua kuliko sisi wote."

Saa ile sitaisahau. Tulianza na watu kumi na mmoja, wamejikinga macho kwa viganja. Wakabaki watano. Mama aliyekuwa akikaanga mihogo upande wetu alinyanyua karai lake, moto na yote, akahamia ng'ambo, na hilo liliniuma kuliko kuzomewa. Kule majembe yalirushwa juu yakadakwa nyuma ya mgongo, njuga zikaitika pamoja, watu wakapiga vigelegele. Walikuwa wazuri. Nikisema hawakuwa wazuri nitakuwa nimejidanganya mwenyewe.

Mara tatu nilitaka kuanzisha wimbo wetu mkubwa. Mara zote tatu mwalimu alinitikisia kichwa. Yeye alikuwa haangalii watu. Alikuwa anapima kwa macho kivuli cha lile lundo kikitambaa kutujia.

"Bado hatua nne," aliniambia kati ya nyimbo mbili. Baadaye akasema, "Bado mbili." Usoni mwa mpiga drams ningeweza kusoma hata namba ya lile shati la kitenge.

Kisha kivuli kikatufunika, sisi na nusu yetu ya uwanja, na upepo wa jioni ukaingia. Sitasema uongo, watu wa kwanza walikuja kupunga hewa tu. Walikuwa wamechomwa na jua vya kutosha. Walikaa chini wakitupa mgongo, wakiendelea kutazama majembe.

"Sasa," mwalimu alisema.

Wimbo ule huanza kwa drams peke yake. Fundi wetu aliutunga mdundo wake baada ya kulala wiki nzima jirani na karasha bovu, alipokwenda kuchomelea geti la tajiri mmoja wa Geita. Mapigo matatu mazito, moja dogo linachechemea, kisha tena. Kwingine kote watu waliusikia kama mdundo tu. Rwamgasa waligeuka wote kwa mpigo. Kijana mmoja aliyejaa vumbi la mawe hadi kwenye kope alipiga kelele, "Hilo karasha letu!" na watu wakaangua kicheko. Wakacheka hivyo hivyo mpaka gitaa la solo lilipoingia na ngurumo yake yote iliyokataliwa kanisani. Hapo wakasimama.

Niliimba kuhusu mwanamke anayeponda mawe ya watu na kuota nyumba ya bati. Kufika kiitikio cha pili walikuwa wananirudishia maneno ambayo hawakuwahi kuyasikia kabla ya jioni ile. Nikaona karai la mihogo likirudi. Wacheza majembe nao hawakukubali kirahisi, walipandisha ngoma yao hadi vumbi likawafunika, na uwanja ukawa unavutwa huku na huku. Tulipiga nyimbo zetu zote tulizozifungia, moja baada ya nyingine, mpaka vidole vyangu vikachubuka.

Mwishoni yule mama alipita katikati ya uwanja na mwiko wake, akatazama kushoto, akatazama kulia, akarudi.

"Siwezi kusema," alisema. "Wallahi, siwezi."

Manju wao akaja kwetu akihema, jembe begani, jasho limemchora usoni. Nilidhani atatupongeza.

"Mmetukuta na uchovu wa safari ya jana," alisema kwa ukali. "Mwezi ujao mrudi hapa hapa tumalizane."

Kabla sijafungua mdomo, mpiga drams alijibu. "Tutarudi. Na ninyi mje na watu wa kutosha."

Ndivyo shati la kitenge lilivyokufa, bila kikao. Nilikaa juu ya amplifaya nikalia kidogo, na walioniuliza niliwaambia ni vumbi. Kwa watu wa ngoma, asiyekuogopa hakuombi mrudiane.

Tangu siku ile maduara ya jirani yalituita, na kila walipotuita walituwekea mpinzani: kwaya, singeli, wacheza na nyoka. Kuna tuliposhinda na kuna tulipopigwa vibaya. Lakini watu walianza kutufuata kwa bodaboda kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, wakibishana nani alimzidi nani, na jina la bendi likatangulia kufika kabla ya kirikuu. Wimbo wa mtu mwingine hatujapiga mpaka leo.

Jioni ile ya kwanza ya Rwamgasa nilimpigia baba. Hakuuliza kama tumeshinda.

"Wamesema mrudi?"

"Wamesema, baba."

"Wabeja," alisema, ndiyo ahsante ya Kisukuma. "Mwezi ujao nitakuja."

Siku ya marudiano nilimtafuta miongoni mwa watu wetu, kila nilipofunga waya nikiinua kichwa. Hakuwepo. Mpiga solo ndiye aliyenigusa bega akanionyesha ng'ambo. Baba alikuwa kule, kati ya wacheza majembe, amevaa njuga zake za ujana, anawapanga mmoja mmoja kwa mkono. Kumbe alikuwa amefika tangu juzi yake, na siku zote mbili alikuwa akiwafundisha namna ya kutushinda.

Hasira ilinipanda, ikashuka hapo hapo. Mzee wa umri ule hapandi magari mawili kutoka Kolandoto hadi Rwamgasa kuja kupambana na kelele. Nilijivuna.

"Shikamoo, baba!" niliita kwa nguvu kutoka upande wetu.

Alinisikia, na alinitazama sawasawa, lakini hakuitikia. Manju haitikii salamu ya mpinzani. Aliwainulia watu wake mkono, na sisi tukaanza.