Nilivyotolewa Nje ya Zahanati Yangu

Mimi ni mganga mfawidhi wa zahanati, na sifichi kwamba cheo hicho nakipenda. Kijiji chetu kiko Iramba, mbele kidogo ya Kinampanda. Kwa miaka mingi mtu akiumwa aje kwangu, au apande bodaboda mpaka Kiomboi, kama bodaboda ipo na nauli ipo. Kwa hiyo wananijua wote. Wengine wananiita daktari, nami siwasahihishi.

Shida ni kwamba nilioa hapohapo. Mimi ni Mnyaturu wa Ikungi. Nilipangiwa kazi Iramba nikiwa kijana, nikampata binti wa Kinyiramba anayecheka kwa sauti kubwa, nikatulia. Hakuna aliyeniambia kwamba mganga akioa katika kijiji anachokitibu anajipunguzia wagonjwa. Mama mkwe hatazamwi. Mkikutana njiani unampisha, unampa shikamoo yake ukiangalia pembeni, naye anaitikia akiwa amejifunika khanga. Na mama mkwe si mmoja. Dada zake ni wakwe zako, na wake wa kaka zake, na binamu zake, mpaka ukitazama vizuri unaona akina mama watu wazima wa kijiji karibu wote wamekuwa wakwe. Tulipokuwa na nesi hilo halikumsumbua mtu. Nesi akaenda masomoni, nafasi yake ikakaa wazi, nikabaki na watoto wenye homa na wanaume waliojikata kwa majembe. Akina mama walikuwa kimya, na mimi kwa kujiamini kwangu nikauita ukimya huo afya njema.

Kisha ikaja intaneti. Simu tulikuwa nazo, lakini mtandao ulikuwa wa kupanda juu ya jiwe na kunyoosha mkono. Mafundi wakaja wakachimba mtaro kutoka barabarani, wakapita kando ya mashamba ya alizeti, wakaufikisha waya mpaka kwenye ukuta wa zahanati. Tukafungiwa sola nyingine juu ya bati na tukapewa kishikwambi cha kuongea na madaktari bingwa wa mjini, wao wakimwona mgonjwa na mgonjwa akiwaona. Nilikitumia kama mtu aliyenunua redio mpya. Nilimwonyesha daktari jicho la mzee mmoja, upele wa mtoto, mguu uliovimba. Koti jeupe nililivaa hata siku isiyo na mgonjwa.

Jioni moja tunakula, mke wangu akasema, "Kuna mama mmoja ana uvimbe kwenye titi. Hataki kuja kwako."

"Kwa nini hataki?"

"Anaona haya."

"Mwambie haya haitibu uvimbe. Aje kesho asubuhi."

Akaacha kula. "Mwambie wewe, basi. Ni mama yangu."

Hasira ilinipanda. Nikamuuliza tangu lini, akasema tangu wakati wa palizi. Nasi tulikuwa tumeshavuna. Nikauliza kwa nini hakwenda Kiomboi, mke wangu akanitazama kama mgeni wa jana.

"Akupite hapa mlangoni aende kutibiwa Kiomboi? Watu watasema hata mama mkwe wake hamwamini. Amesema hawezi kukuaibisha."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa heshima hawezi kuja kwangu, na kwa heshima hiyohiyo hawezi kunipita, na uvimbe haujui heshima. Nimewaona akina mama wanaoletwa wakati hakuna tena la kufanya isipokuwa kuwapunguzia maumivu. Niliogopa. Nikasema nitamfuata nyumbani kwake nimpeleke kwa lazima, mke wangu akasema, "Jaribu, uone kama utamwona tena."

Usingizi haukunijia vizuri. Asubuhi nikamwambia mke wangu, "Daktari wa huko mjini ni mwanamke. Wewe utashika kishikwambi, mimi nitakaa nje."

Akaenda kwa mama yake, akarudi na swali: je, picha itabaki humo ndani ya mashine, mkwe aje aione? Nikajibu kwamba haibaki. Akaenda tena. Mama akakubali.

Siku hiyo niliunganisha, nikamweleza daktari hali ilivyo. Akasema, "Naelewa, na mimi nina mkwe." Mama akaingia kwa mlango wa mbele, mimi nikatokea wa nyuma na kuzunguka kibarazani, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Mzee mmoja aliyekuja kuchukua dawa ya presha akaniuliza, "Daktari, leo unaumwa wewe?" Nikamwambia anyamaze.

Dirisha letu ni la wavu, sauti inatoka. Nilimsikia daktari akimwamkia shikamoo, akamuuliza mavuno, hana haraka. Kisha akaanza kumwelekeza mke wangu: tumia bapa za vidole, siyo ncha, zungusha taratibu. Halafu akauliza, "Ukiusukuma unasogea, au umeshika?"

Swali hilo nalijua. Nimefundishwa kuliuliza, na nimefundishwa kwamba ulioshika ndio mbaya zaidi. Mke wangu alikuwa bado anapapasa. Nikajikuta nimeukamata ukingo wa benchi kwa mikono miwili, na mzee wa presha naye ananitazama.

"Unasogea," mke wangu akasema.

"Kwapani?"

"Sioni kitu."

"Usitazame, papasa."

"Hakuna."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Lakini daktari hakumdanganya. Alimwambia waziwazi inaweza kuwa saratani, na kwamba ni lazima afike mjini wiki hiyohiyo wachukue kipande kidogo cha uvimbe wakipime. Mama mkwe wangu akauliza jambo moja tu.

"Barua ya kuja huko nitaitoa wapi?"

"Mganga wenu ndiye anayekuandikia, mama. Itanifikia kwa mtandao huu huu kabla yako."

"Kwa hiyo nitakuwa nimetumwa kutoka hapa."

"Kutoka hapo, mama."

"Basi nitakuja."

Ilikuwa saratani. Walimtoa titi, akaenda na kurudi Dodoma kwa dawa, akakonda mpaka khanga zikamzidi. Akiwa nyumbani, mke wangu alimfungua bandeji ya kidonda hapa zahanati daktari akiangalia kutoka mjini, nami niko kwenye benchi langu. Taratibu mwili ukarudi. Msimu uliofuata alilima vitunguu.

Wakaja watu wa wilaya kuona kazi ya kishikwambi. Tulikusanyika katika darasa la shule, mimi mbele na koti langu. Mgeni mmoja akaomba mtu aliyetibiwa aseme neno. Nyuma kabisa mama mkwe wangu akasimama.

"Nitasema. Ila kwanza mkwe wangu atoke."

Watu wakacheka. Wageni wakanitazama wanasubiri nikasirike. Nikatoka, nikasimama nyuma ya ukuta, na pale nje nilimsikia akiongea Kinyiramba, kisha Kiswahili kwa ajili ya wageni. Alilitaja titi mbele ya wanaume wazima, hakushusha sauti. Akawaambia akina mama, "Mnaojificha nawajua, maana nilijificha nanyi. Njooni. Mtaangaliwa na mwanamke mwenzenu, na hakuna atakayevunjiwa heshima." Sikuwahi kumwogopa kama siku ile, na sikuwahi kujivunia mtu namna ile.

Mgeni akamuuliza, "Sasa mama, aliyekutibu ni nani?"

Nilijua atamtaja daktari wa mjini, na ilikuwa haki yake.

"Ni mkwe wangu," akasema. "Amenitibu mpaka leo nalima, na hajaniona hata siku moja."

Darasa likalipuka kwa vigelegele. Mimi nilikuwa nje juani, nimeegemea ukuta, nalia kwa fahari.