Sauti ya Mwalimu Idris

Siku hiyo tulikuwa tunapogolea kahawa, mimi na mkwe wangu Anastazia, mama yake Neema. Neema akapiga simu kutoka Khartoum alikokuwa anasomea udaktari. Amefaulu somo la figo, na mwalimu wake, Daktari Idris, amemsifu mbele ya wenzake. Nikamwambia, "Mwambie huyo mwalimu kwamba bibi yako anamwekea kidari." Kwetu mbuzi akichinjwa kila kipande kina mwenyewe, na kidari, ile nyama ya kifuani, hapewi kila mtu. Neema alicheka. Nyuma yake nilisikia watu wakiuza vitu barabarani.

Kahawa hatukumaliza kuipogolea. Vita vikaanza huko Khartoum.

Neema alitoka kwa basi hadi mpaka wa Ethiopia, halafu ndege. Tulimpokea Bomang'ombe amevaa kandambili za mtu mwingine. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Chuo chao kilishachomwa, na huku alikoomba nafasi walimtaka aanze mwaka wa kwanza.

Ndipo chuo kimoja cha Ujerumani kikawafungulia darasa kwenye mtandao. Waliotawanyika wakakutana humo. Hamza alikuwa Kairo, Tasneem Ndjamena, Abeba Addis, na Neema alikuwa jikoni kwangu, kwenye dirisha linalotazama zizi, maana hapo ndipo mtandao unaposhika. Wajerumani walitoa mitambo na vitabu. Aliyefundisha ni Idris.

Yeye hakuhama Khartoum. Mkewe Samira na watoto, Yusra na Bakri, alishawavusha Misri, kisha akarudi kwa ajili ya mama yake, Zeinab, ambaye hawezi kutembea. Alifundishia juu ya paa la nyumba ya huyo mama. Chini mtandao haukufika.

Neema alimfundisha salamu yetu, na kila somo aliniita kwanza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Mama ameamkaje?"

Neema anatafsiri, naye anajibu, nami nauliza ya Samira, ya Yusra, ya Bakri. Anastazia akawa ananinong'oneza, "Mama, unawamalizia watu bando."

"Bando litanunuliwa. Unamuulizaje mtu habari za figo hujamuuliza mama yake?"

Pasaka tulichinja. Shemeji yangu Aloyce alishanoa kisu, nikamzuia. Nikataka aitwe Mzee Ramadhani, yule mnunuzi wa ng'ombe, achinje yeye, ili kidari cha mwalimu kiwe halali.

"Mtu yuko Sudani, shemeji," Aloyce akasema. "Atakilia wapi, kwenye kioo?"

"Hata kama. Simpi mtu fungu asiloweza kula."

Ramadhani alichinja. Neema akakiinua kidari mbele ya kompyuta, na mwalimu akacheka mpaka akakohoa. Neema akatafsiri, "Anasema kitieni chumvi, anakuja."

Somo la mwisho kabla ya mtihani lilikuwa la moyo. Ilikuwa mchana, namenya ndizi.

Nikasikia mlio, kama gunia limeangushwa.

Idris akageuza kichwa. Akaendelea kufundisha.

Hamza alipiga kelele kwa Kiarabu. Neema akasimama. "Mwambieni ashuke! Ashuke!"

Idris akainua kidole kimoja, kama mtu anayesema ngoja nimalizie.

Kioo kikajaa vumbi.

Halafu anga. Anga ya bluu, haina kitu. Wote walikuwa wanaitazama, kila mmoja katika nchi yake, na hakuna aliyezima.

Mtihani ulifanyika. Neema alifaulu, akamalizia mazoezi hospitalini mjini. Siku ya kuhitimu walikusanywa tena humo mtandaoni, na mkubwa mmoja wa Ujerumani akatoa hotuba ndefu. Neema alinitafsiria akiwa ameinamisha uso: ushirikiano wa vyuo umeonyesha kwamba vita haviwezi kuzima elimu.

"Amemtaja Idris?"

"Amesema walimu wetu mashujaa."

"Nimekuuliza jina."

"Hapana, Bibi."

Baadaye Samira aliandika. Mtandao ule ulikuwa unarekodi kila somo wenyewe, naye alikuwa anaomba sauti ya mumewe. Bakri ameanza kusahau baba yake alivyokuwa anaongea. Neema alimtumia masomo yote, mifupa, figo, ini, akabakiza lile la mwisho. Samira akajibu kwamba anajua mume wake alikufa akifundisha moyo, na somo la moyo halimo. Alilitaka.

Anastazia alikataa kabisa lisitumwe. "Mnataka kumuua na huyo mama?"

Neema akanitazama mimi.

"Ni la kwake," nikasema. "Mpe."

Akatuma.

Watu wananiambia nishukuru, mtandao umenipa mjukuu daktari. Nashukuru, nisiwe mwongo. Lakini mtandao huohuo ndio uliompandisha mtu juu ya paa wakati wenzake wamejificha chini, na waliousifia siku ile ya hotuba walikuwa wamekaa vitini kwao. Pande zote mbili nazijua, na hazilingani.

Samira hajajibu mpaka leo. Neema akitoka wodini, kabla hajavua koti, anaangalia simu.