Salamu za Mama Mashine

Kabla hajawa Mheshimiwa alikuwa Mama Mashine, na jina hilo halikumtoka hata alipovaa koti la Bunge. Alikuwa na mashine ya kusaga nafaka pale njia panda, kibanda cha mabati ambacho hata utando wa buibui ulikuwa mweupe kwa unga. Mashine ile ilikuwa na kelele za kumtoa nyoka pangoni, na mwanamke aliyesema na wateja juu ya kelele hizo miaka nenda miaka rudi hawezi kuwa na sauti ya kunong'ona. Akikuambia siri, mnaitunza kijiji kizima.

Sauti hiyo ndiyo iliyompeleka Bungeni. Watu walisema, "Tumpeleke huyu, hata wakimzimia kipaza sauti atasikika." Walisema kwa mzaha, ila kura walizompa hazikuwa za mzaha.

Naye alikuwa na haja yake. Kati ya kijiji chao na kituo cha afya palikuwa na mto. Kiangazi unavuka viatu mkononi, unachekacheka. Mvua kubwa zikija, mto unageuka mnyama. Watu walikuwa wakilaza magogo, mto unayachukua. Wanalaza mengine, unayachukua tena, kama mkopaji asiye na haya. Mwaka ule wa kabla ya uchaguzi, mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, alishikwa na maumivu ya tumbo mimba ikiwa bado changa, na mto umefura. Mama Mashine alisimama naye ukingoni, kamshika kiuno, wote wawili wakiliangalia bati la kituo cha afya linang'aa ng'ambo ya pili. Ungerusha jiwe ungelifikia. Wao hawakufika. Mimba ikatoka.

Mkwe alipopata nguvu alisema neno moja tu, tena taratibu. "Mama, nyumba hii naipenda, na mwanao nampenda. Lakini sibebi tena mimba upande huu wa mto mpaka pawe na daraja."

Mama Mashine alikuwa na dada yake mkubwa, mwanamke mwembamba mwenye ulimi kama wembe. Alikuwa pale pembeni anapepeta, akasikia yote. "Haya basi, mdogo wangu," akasema, "mjukuu wako yuko mikononi mwa Waziri wa Ujenzi. Mfuate huko huko aliko."

Akamfuata. Aligombea, akashinda, akamwachia dada yake mashine, akaenda.

Ukumbi wa Bunge ulimshangaza kwa utulivu wake. Viti vinazunguka, zulia linameza nyayo, na mbele ya kila mtu pana kipaza sauti chenye taa. Taa ya kijani, sema. Taa nyekundu, umenyamazishwa. Kila mchangiaji ana dakika zake tano, kengele inalia, kwisha.

Siku aliyopewa nafasi ya kwanza, kule nyumbani dada alizima mashine. Jambo hilo halikuwa dogo. Mashine ile haikuzimwa hata kwa msiba, labda mafuta yaishe. Wateja walisimama na ndoo zao wakaizunguka redio iliyokuwa kwenye rafu, na mkwe alisimama mlangoni.

"Mheshimiwa Spika, shikamoo!"

"Marahaba," Spika akaitika kabla hajakumbuka yuko wapi. Ukumbi ukaangua kicheko. Aliyeketi jirani na Mama Mashine aliziba sikio.

Mama Mashine akaendelea. Akauliza hali za wabunge wote na familia zao. Akampa pole mbunge aliyefiwa na mkewe, akampongeza aliyeozesha binti. Akawashukuru wapiga kura wake, wakulima, wafugaji, mafundi baiskeli, mafundi cherehani, wakunga, wazee wote na wale wasioweza tena kutoka nje. Aliwashukuru kwa moyo, bila haraka, jinsi mtu aliyelelewa vizuri anavyofanya anapoingia nyumba ya watu.

"Na baada ya salamu hizo, Mheshimiwa Spika, sasa nije kwenye jambo lililonileta..."

Ngriii! Taa nyekundu.

"Muda wako umekwisha, Mheshimiwa," alisema Spika. "Salamu zimepokelewa."

Kule kwenye mashine watu walibaki wameikodolea macho redio. Fundi baiskeli, mzee asiyekosa la kusema, akakuna kichwa. "Hivi daraja amelitaja saa ngapi?"

"Labda lilikuwa humo ndani ya salamu," mmoja akajibu.

Dada hakucheka. Aliiwasha mashine, akasaga mpaka jioni.

Mama Mashine aliporudi likizo ya Bunge alikuta ana jina jipya. "Karibu, Mama Salamu!" watoto wa shule walimpokea barabarani. Akawajibu papo hapo, "Mimi nimelelewa! Mnataka niombe daraja kwa watu sijawauliza wamelalaje?" Lakini kufika nyumbani akanywea. Mkwe alimpokea mkoba, akamchotea maji ya kuoga, hakumlaumu hata kwa jicho. Ukimya ule ulimchoma kuliko vicheko vyote vya barabarani.

Kesho yake akaenda kukaa kwenye mashine, pale penye gunia lake la zamani. Dada yake alikuwa akimimina mahindi. Foleni ilikuwa ndefu, watu wanaulizana hali za wagonjwa, za ng'ombe, za watoto walioko mbali. Kila aliyefika mbele alitua ndoo na kusema neno moja tu. "Laini." Anayefuata, "Laini." Anayefuata, "Ya kuku."

Dada akazima mashine kwa makusudi. "Mheshimiwa, umeona?"

"Nimeona nini, Dada?"

"Umewahi kumwona mtu anakusalimia mashine ikishawaka?"

"Hapana. Wanamalizana kwenye foleni."

"Sasa wewe huko kwenu unasalimia watu mashine inazunguka, mafuta yanaungua! Hawana foleni huko?"

Mama Mashine akaigeukia foleni. Halafu akacheka, akacheka mpaka unga ukamwingia puani, akapiga chafya. "Wana mlango," akasema. "Wanaingia kwa mlango mmoja."

Mjadala wa bajeti ya Wizara ya Ujenzi ulipofika, aliwahi pale mlangoni kabla hata wafagizi hawajamaliza ngazi. Askari wa zamu akamsogelea. "Mheshimiwa, umepotea?"

"Sijapotea, mwanangu. Nasalimia. Wewe umeamkaje?"

Alisalimia kila aliyepita, wa chama chake na wa vyama vingine, makarani, wapiga picha, na Spika mwenyewe, aliyemwitikia kwa kicheko. Waziri wa Ujenzi alifika mbio mbio, mafaili kwapani. Kwa kawaida huwa hasimami.

"Waziri, salama? Mama hajambo?"

Waziri akasimama. "Mama yuko kitandani. Ameteguka nyonga. Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nimeuliza tu, watu huulizana. Pole sana. Anafika hospitali kwa shida?"

"Hapana," alisema Waziri, kisha akaongeza polepole, "kwake gari linafika mlangoni."

"Tumshukuru Mungu," alisema Mama Mashine, na alimaanisha. Akampisha apite.

Zamu yake ilipofika, ukumbi ulianza kutabasamu mapema. Wengine waliegemea viti wasubiri shikamoo. Akasimama.

"Mheshimiwa Spika, wote nimeshawasalimia mlangoni."

Meza zikapigwa. Akasubiri zitulie.

"Kwetu kuna mto. Kituo cha afya kiko ng'ambo. Mvua zikija hatuvuki. Mwaka juzi nilisimama ukingoni nimemshika mkwe wangu, bati la kituo tunaliona, na mjukuu wangu akapotea pale pale tukiliangalia. Mkwe wangu amekataa kubeba mimba tena mpaka pawe na daraja, na mimi sina la kumjibu, kwa sababu ana haki. Naomba daraja. Nimemaliza."

Akaketi. Hakuna aliyetikisa kiti.

"Mheshimiwa," Spika akasema kwa upole, "muda wako bado upo."

"Najua, Mheshimiwa Spika. Mpe Waziri, atuambie lini."

Waziri alisimama na karatasi yake. Akaanza vile wanavyoanza, kwamba Serikali inatambua, kwamba mchakato, kwamba upembuzi yakinifu. Katikati akaishusha karatasi. Akasema daraja hilo lilikuwa limepangwa miaka ya mbele, na kwamba atalileta mbele. Kiangazi hicho hicho mafundi wataingia mtoni.

Nyie mnadhani Mama Mashine alilala hapo? Ahadi ya Bungeni ni kama unga, usipoufunika kuku wanajua. Ulipokuja mjadala wa elimu, akasimama kuwaombea walimu nyumba, akamalizia kwamba walimu nao huvuka mto. Mjadala wa mifugo, akasema ng'ombe wetu wanaogelea lakini maziwa hayaogelei. Mjadala wa michezo Spika alimwona anainuka, akamwahi, "Najua, Mheshimiwa, timu yenu nayo huvuka mto." Waziri mwenyewe alicheka, na juma hilo hilo malori ya saruji yakaonekana njia panda.

Daraja lilikamilika kabla ya mvua, isipokuwa upande mmoja wa vyuma vya kushikia ambao haukupakwa rangi. Fundi baiskeli alilivuka mara ya kwanza akirudi kinyumenyume, eti ahakikishe linapitika pande zote mbili. Mkwe alilivuka polepole, akasimama katikati, akaangalia maji yakipita chini yake. Mwaka ulipozunguka tumbo lake lilionekana, na hakuna aliyelitaja kwa sauti, hata Mama Mashine, na kwake huo ulikuwa mfungo.

Mvua kubwa zilimkuta Bungeni. Asubuhi moja zilipiga paa la ukumbi mpaka Spika akarudia maneno. Mama Mashine hakusikia mjadala. Aliusikia mto. Simu ikatetemeka mkobani, akatoka mbio hadi koridoni.

"Dada! Kuna nini?"

"Mheshimiwa, hujambo?" Sauti ya dada ilikuwa haina haraka.

"Sijambo, sema!"

"Umeamkaje? Na Spika mzima?"

"Dada, mkwe wangu!"

"Subiri, mimi nimelelewa. Waziri wa Ujenzi hajambo? Mama yake nyonga inaendeleaje?"

"Dada, nakufa mimi!"

"Na wapiga picha? Na yule askari wa mlangoni?"

Mama Mashine akaegemea ukuta. Moyo ulikuwa umeshashuka mahali pake, maana alimjua dada yake. Mwenye habari mbaya hachezi.

"Wote wazima," akajibu, machozi yakimtoka. "Kwako?"

"Huku wazima. Na tumeongezeka. Mto umejaa mpaka kwenye migomba... we, hata sijui nasema nini! Umejaa, mdogo wangu, tumepita juu yake kwa gari kama wafalme. Wa kike. Mama yake anakula. Sauti ya mtoto ni yako ile ile, wagonjwa wenzake wanalalamika."

Aliporudi ukumbini, Spika aliyaona macho yake, akampa nafasi bila kuombwa.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "leo sina la kuomba. Nimesimama kusalimia tu."

Akaanza. Akawasalimia wa kulia, akawasalimia wa kushoto, akamsalimia Waziri na mama yake, mafundi wa saruji, dada yake aliye kwenye mashine, na raia mpya ambaye hata jina hana. Kengele ikalia. Taa ikawa nyekundu, kipaza sauti kikazimwa. Haikuleta tofauti yoyote. Ukumbi mzima uliendelea kumsikia, mpaka alipomaliza mwenyewe.