Shingo ya Fundi Kola

Miaka kumi na minane tumeshona chumba kimoja, yeye cherehani ya dirishani, mimi ya mlangoni. Watu wanamwita Fundi Kola kwa sababu kola zake hazimnyongi mtu. Ni mbishi, mjuaji, na ukimwambia amekosea anakununia mpaka jioni. Nayasema haya mapema, msije mkadhani nimekaa kumsifia.

Binti yake wa pekee ana miaka ishirini na mitatu, na figo zake zote mbili zimekufa. Mara tatu kwa wiki anasafishwa damu kwa mashine, na mishipa ya mikono imeanza kukataa sindano. Ndugu wote walipimwa. Aliyefaa kumpa figo ni baba mtu peke yake. Ila daktari alimtazama kitambi, akatikisa kichwa.

"Mzee, mafuta yamezidi. Shuka chini ya asilimia ishirini na tano, ndipo tukupasue. Nimekuwekea nafasi baada ya miezi miwili."

Hapo ndipo alipochanganyikiwa. Alikwenda duka la dawa, akapanda pekupeku ile mizani ya umeme inayosoma mafuta: ishirini na tisa. Kesho yake ikasema ishirini na sita. Mwalimu wa mazoezi akamfinya ngozi kwa koleo lake, kifuani, tumboni na pajani, akapata ishirini na tatu. Mwenzake akafinya palepale, akapata ishirini na nane.

"Dada, mimi ni mtu mmoja au wawili?" akaniuliza, macho yamemtoka.

"Wawili," nikamjibu, "na wote wanakula."

Hakucheka. Nilijuta papo hapo.

Baadaye muuguzi akamweleza kwamba pale hospitalini wanatumia utepe tu: unapimwa kiuno usawa wa kitovu, unapimwa shingo na urefu, halafu wanapiga hesabu. Kiuno kikipungua, mafuta yamepungua. Shingo ikiwa nene, hesabu inakupendelea. Fundi alirudi kazini uso umenawiri. Utepe! Si ndio uliomlea?

Akaanza kuja kazini kwa miguu. Akaacha sukari, akaacha vya kukaanga, suruali ikawa inamvuka. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe alisimama mbele ya kioo cha wateja akajipima, mimi nikaandika. Kiuno, sentimita tisini na saba. Shingo, arobaini na moja. Binti yake akapiga hesabu kwenye simu: ishirini na nne nukta tatu. Fundi Kola alipiga magoti juu ya vipande vya vitambaa akalia kwa furaha. Tangu siku hiyo hakuja tena kazini kwa miguu, alijiona amefika. Mchana akala kama watu, na mimi ndiye niliyempakulia.

Siku ya kupimwa nilimsindikiza. Muuguzi akamzungushia utepe kiunoni: tisini na saba, vilevile. Akapanda shingoni.

"Thelathini na nane."

"Haiwezekani. Lete hapa nikuonyeshe."

Akamnyang'anya utepe, akauzungusha mwenyewe, na kama alivyofanya maisha yake yote akipima kola, akapenyeza vidole viwili katikati ya utepe na koo.

"Arobaini na moja. Umeona?"

"Baba, hivyo vidole vya nini?" muuguzi akauliza.

"Vya kupumu..."

Hakumaliza. Nilimwona anavitazama vidole vyake. Nimeshona maelfu ya kola. Nilikuwa pale, niliandika kwa mkono wangu, na wala sikushtuka.

Hesabu ilitoka ishirini na sita nukta tatu. Fundi Kola, mtu asiyemwomba mtu radhi, alishika kwa mikono miwili koti la daktari aliyekuja kusoma hesabu.

"Nipasueni hivyo hivyo, daktari. Nikifa ni mimi. Nitasaini."

"Sitampa mtoto figo kwa kumuua baba yake. Nafasi hii anaichukua mwingine, Mzee. Inayofuata ni baada ya miezi mitatu."

"Mwanangu atafika?"

Daktari akafungua faili la binti, akalifunga. "Tutajitahidi," akasema, bila kumtazama.

Wiki tatu! Angetembea zile wiki tatu tu, angekuwa amefika kweli. Nilitaka kumgombeza, nikajizuia. Chakula kilikuwa changu. Tukakaa kwenye ngazi za nje, watu wakitupita na mafaili yao. Simu yake ikaita. Akaiacha iite mara ya kwanza. Mara ya pili akapokea, akabonyeza spika.

"Baba, wamesemaje? Nimeshapanga nguo kwenye begi."

Akamwambia yote, hadi vidole. Hakujitetea hata neno moja. Tukamsikia anavuta pumzi.

"Usilie, Baba," akasema. "Miezi mitatu si mingi. Nitakusubiri."

Alisema hivyo kana kwamba kusubiri kulikuwa katika uwezo wake.