Bia ya 2017 Ilivyonifukuzisha Kazi Ushongo

Nilifukuzwa kazi kwa kumwaga bia ya mgeni mchangani. Bia yenyewe ilikuwa na miaka minane.

Au ndivyo tulivyoambiwa.

Naitwa Laurenti. Shule niliishia darasa la nne, kambi ya mkonge, Muheza. Ila tarehe nazisoma, tena nazisoma sana.

Mke wangu Benedikta alifariki mwaka juzi, baada ya kumeza vidonge vya zahanati moja ambayo siitaji. Nilipokwenda kuuliza, daktari akaniambia, "Mzee, tarehe si ipo? Soma mwenyewe."

Nikasoma. Ilikuwa imebaki miezi kumi. Nikarudi nyumbani, nikazika.

Tangu hapo simwamini mkubwa yeyote.

Nilikuwa natunza bustani kwenye hoteli moja ndogo pale Ushongo. Meneja wetu, Zebedayo, kijana wa suruali za kubana. Siku hiyo akatutangazia kuwa wanakuja wageni kutoka Dar kuonja bia nyeusi, zile nzito kama oili chafu, zilizotunzwa miaka na miaka.

"Za 2017, za 2019, za 2021," akasema. "Hizi haziharibiki, zinakomaa."

Nikacheka kimoyomoyo. Nazi ndiyo inakomaa, bwana. Bia inachacha.

Saa kumi jioni wageni wamekaa, watu kumi hivi. Zebedayo anamimina mwenyewe, mpishi wetu Devota anapeleka na trei. Nikaokota chupa moja tupu. Mwisho wa matumizi: 2018.

"Devota, usiwape watu hiyo."

"Kaka Lau, niache. Nina watoto mimi."

"Na hao hawana?"

Mimi huyo hadi mezani. Mama mmoja, Anjela, ndiye aliyewaleta wale wageni. Glasi ilikuwa inakaribia mdomoni mwake. Nikaidaka, nikamwaga yote chini.

Wageni wote wakageuka.

"Laurenti! Una wazimu?" Zebedayo huyo.

"Bosi, hata shikamoo hujawahi kunipa, basi leo nipe hili. Kwetu kambini, kwenye boha, ile pombe ya miwa, anayemimina anakunywa kwanza. Anatoa sumu. Umemimina wewe. Kunywa."

"Hata kwetu Moshi ndivyo," mgeni mmoja akadakia.

Zebedayo akacheka, meno nje, macho yamekauka. "Mimi nimeokoka."

"Funda moja tu," Anjela akasema.

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Jasho likaanza kumtiririka. Nikasema moyoni, nimemkamata muuaji huyu.

Anjela akatoa simu. "Basi nampigia bwana afya. Na polisi waje."

Zebedayo akamtupia jicho Devota. Devota anaimba kwaya, na mwenyekiti wa kwaya hiyo ni Zebedayo huyohuyo. Akinywa pale, Jumapili usharika mzima unajua.

"Jamani, hamna sumu," Zebedayo akasema. "Bia ni mpya. Niliwaahidi za zamani, nikazikosa. Hizi nimenunua Makorora, Tanga mjini, wiki iliyopita."

Weee! Kumbe jamaa kaona heri aitwe tapeli kuliko mlevi.

"Na tarehe?" Anjela akauliza.

"Nimefuta kwa pamba na dawa ya kutolea rangi ya kucha. Nikagonga nyingine kwa muhuri. Dakika mbili tu."

Wengine wakaangua kicheko, wengine matusi. Mimi nikakaa mchangani palepale.

Dakika mbili.

Vile vidonge nilivisoma mimi. Maji ya kumezea nilimpa mimi.

Anjela akaja, akachuchumaa. "Shikamoo baba. Kuna nini?"

Nikamweleza yote. Akatoa kwenye begi lake chupa ya bia nyeusi aliyoiweka kabatini tangu mwanawe wa kwanza azaliwe, miaka saba. Akafungua, akamimina, akanywa yeye kwanza. Ndipo akanipa.

Ilikuwa kama sukari guru iliyoungua, halafu kahawa, halafu tende kwa mbali. Wala haikuchacha. Kuhusu bia nilikosea, nakubali.

Kuhusu wakubwa sikukosea. Kabla jua halijazama nilishapewa barua: nimevuruga wageni wa hoteli. Zebedayo bado meneja mpaka leo, na kwaya bado anaiongoza. Mimi niko Chumbageni kwa dada yangu, nauza miche ya maua.

Ndugu msomaji, tarehe ni maandishi ya mtu, na muhuri anao mwenye cheo. Usimuulize mkubwa kama kitu ni salama. Mtazame kama yeye na wanawe wanakitumia.

Yule daktari wetu, mwezi mmoja kabla ya Benedikta kuumwa, mwanawe alishikwa na homa. Alimpakia kwenye gari, akampitisha mbele ya zahanati yake mwenyewe, akampeleka mjini.

Kijiji kizima tuliona. Tukampungia mkono, tukamwambia pole daktari.