Nilikuwa Angani Mama Akizikwa

Nakumbuka vizuri Ijumaa niliyofundishwa kuruka kwa parachuti, mwanangu, na natamani ningeisahau. Ndiyo siku aliyozikwa bibi yako, mama yangu, na mimi sikuwa nimeambiwa hata kwamba anaumwa.

Wakati huo nilikuwa fundi wa viyoyozi kwenye ofisi za Olaya, Riyadh, nikikaa Malaz chumba kimoja na Hamadi, Mpemba, rafiki wa kula naye sahani moja. Sikuwa barobaro tena, lakini magoti yalikuwa bado yananitii, na mtu akiwa na mama hujiona kijana tu. Wiki ile kila nikipiga simu nyumbani alipokea baba yako, ndugu yangu Seifu. "Mama amelala, kaka, jaribu kesho." Kesho yake akanijibu hivyo hivyo. Nami nikaridhika, maana mzee kulala si habari.

Alhamisi Hamadi akaniambia, "Yalla, twende Jeddah. Kuna Msudani anafundisha watu kuruka ufukweni, nimeshatuandikisha." Nilishangaa, kwa sababu Hamadi huyu hata soko la jirani huliona mbali. Lakini nikafunga begi.

Mahali penyewe ni kaskazini ya Jeddah, jangwa linapoishia baharini bila mti hata mmoja. Kuna kilima cha mchanga, upepo unatoka baharini, na kofia wanayokuvisha inanuka jasho la aliyekutangulia. Asubuhi nzima parachuti lilinikokota chini kama gunia. Kosa langu ni la wote wanaoanza: ukihisi kamba zinakunyanyua unakaa, kumbe miguu bado iko mchangani. "Usikae! Kimbia mpaka ardhi iishe," Msudani alikuwa akinifokea kwa Kiarabu. Tuliporudi kutoka kuswali Ijumaa nikakimbia kweli, na ardhi ikaisha.

Sitakuficha, ilikuwa raha. Huko juu nilicheka mpaka machozi. Hamadi alinipiga picha, nami niliposhuka tu nikaituma kwenye simu ya mama. Jibu likaja upesi: "Mashallah. Jihadhari mwanangu." Nikamwonyesha Hamadi. Aligeuza uso, akasema jua limekuwa kali.

Jioni tulialikwa chakula Aziziya, hapo hapo Jeddah, kwa Bi Mwanaidi, mama mtu mzima wa Unguja aliyekuwa akiishi na mwanawe. Nilikuwa na mchanga masikioni. Hakuniuliza habari za safari. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Pole, mwanangu. Nimepata habari mama kazikwa leo baada ya Ijumaa. Mungu amrehemu."

Nikamtazama Hamadi. Hamadi akatazama busati.

Bi Mwanaidi alielewa kabla yangu. "Hukumwambia mwenzio?"

"Nduguye aliniomba, bi mkubwa. Alisema nimtoe Riyadh, nimshughulishe. Aliye mbali asishtuliwe. Kafili, tajiri wake wa kazi, hatompa ruhusa ya kusafiri, atalia peke yake."

"Na sasa je, hatolia? Kusafiri hakuweza, haya. Na kuongea na mamake pia hakuweza? Usinambie mlimhurumia. Mlijihurumia nyinyi, mliogopa kumsikia akilia."

Hamadi akaanza kulia. Mimi sikulia, nilikuwa naitazama simu. Baba yako ndiye aliyenijibu kwa jina la mama yetu, naye ametoka makaburini muda ule ule, pengine na udongo bado mikononi.

Nilipokuja kurudi nyumbani, shangazi yako alinieleza lililobaki. Mama aliniulizia. Siku zote za ugonjwa alikuwa na fahamu zake na sauti yake, akawa anaambiwa niko kazini, nisisumbuliwe. Alikufa akidhani mwanawe hana nafasi naye. Hilo ndilo sijalimeza mpaka leo. Baba yako namsalimia, nakula kwake, siku ya Idi tunakumbatiana, lakini likitajwa jina la mama mmoja wetu hutoka nje.

Na leo umenijia wewe, unasema baba yako amelazwa, hali yake si nzuri, na dada yako aliyeko Riyadh asiambiwe kwa sababu ndiyo kwanza ameanza kazi. Umelisema kwa upole kabisa. Wakati ule pia lilisemwa kwa upole.

Basi nisikilize, mwanangu. Mpigie dada yako sasa hivi, baba yako angali anaweza kusema. Mweleze ugonjwa kama daktari alivyoueleza, usipunguze. Akilia usikate simu, mwache alie ukiwa unamsikia. Kisha mwekee baba yako simu sikioni, utoke chumbani uwaache. Na usijibu kamwe kwa jina la mtu mwingine, hata kama unadhani ni huruma. Siku ukiwa wewe ndiye wa mbali, waage watu wa nyumbani kwa sharti moja: nikiuliziwa, niitwe.

Mungu akupe ulimi wa kweli na kifua cha kubeba kilio cha mwenzio. Baba yako amponye, na kama ameandika vingine, basi asiondoke kabla hajasikia sauti ya mwanawe. Namwombea hilo hata yeye.